Gaggia: Mwenye mgahawa aliyesikiliza lalamiko la wateja akabadili kikombe cha kahawa

MALORI yanayotoka Kagera kwenda Dar es Salaam hupita Kahama, na katika msimu wa mavuno baadhi yake huwa yamebeba magunia ya kahawa. Kwa mkazi wa Kahama, ambaye shughuli zake ni mpunga, pamba, tumbaku na dhahabu, mzigo huo ni wa watu wengine. Huutazama ukipita, kisha anaendelea na kazi zake.

Sehemu ya kahawa hiyo huishia Italia, nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania. Huko hukaangwa, husagwa na kuwekwa kwenye mashine inayoikamua kwa nguvu na kutoa kikombe kidogo, kizito, chenye povu la rangi ya dhahabu juu yake. Kahawa hiyo huitwa espreso.

Mtu aliyefanya kikombe hicho kiwe hivyo aliitwa Achille Gaggia. Hakulima kahawa wala hakuwa mwenye kiwanda alipoanza. Alikuwa na mgahawa mjini Milan, alisimama kaunta, na kazi yake kubwa ilianza pale alipokataa kulizoea tatizo ambalo wenzake wote walikuwa wamelizoea.

Maisha yake yana mafunzo kwa mkulima, kwa mfanyabiashara mdogo na kwa fundi wa mashine.

Mgahawa wa Milan

Gaggia alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Milan, kaskazini mwa Italia. Mji huo ulikuwa kitovu cha viwanda na biashara. Wafanyakazi, makarani na wachuuzi walihitaji kinywaji cha haraka kabla ya kuingia kazini, na migahawa ilishindana kuwahudumia. Familia yake ilikuwa na mgahawa, na humo ndimo alimojifunza biashara.

Wakati huo mashine za kahawa zilikuwapo tayari. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa mji wa Turin alipata hataza ya mashine ya kutengeneza kahawa kwa mvuke. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kipekee juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Moriondo alikuwa na hati hiyo, lakini hakuitengeneza mashine yake kwa wingi na kuiuza, hivyo jina lake likasahaulika kwa muda mrefu.

Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milan alisajili mashine bora zaidi, iliyotoa kikombe kimoja kimoja kwa mteja aliyesimama mbele yake. Desiderio Pavoni alinunua haki hizo na kuanza kuzitengeneza mashine hizo kibiashara kuanzia mwaka 1905. Zilikuwa ndefu kama mnara, za shaba inayong'aa, na zilipamba kaunta za migahawa mikubwa.

Kasoro ya mvuke

Mashine hizo zilikuwa na kasoro moja. Zilitegemea mvuke kusukuma maji kupita kwenye kahawa iliyosagwa. Ili mvuke upate nguvu, maji ndani ya boila yalipaswa kuchemka kupita kiasi, na joto hilo liliunguza kahawa. Kikombe kilitoka haraka, lakini kilikuwa kichungu na chenye ladha ya kuungua.

Isitoshe, nguvu yenyewe ilikuwa ndogo. Presha ya mashine za mvuke ilikuwa kiasi cha bar moja na nusu, ambayo ni pungufu ya presha ya tairi la gari dogo. Presha hiyo haikutosha kukamua mafuta na harufu nzuri iliyomo ndani ya buni.

Wenye migahawa walijua hayo. Wateja walilalamika, wakaongeza sukari, wakanywa. Kwa kuwa kila mgahawa ulikuwa na mashine ya aina hiyo, hakuna aliyepoteza mteja kwa sababu ya ladha, na tatizo likaonekana kuwa ndiyo hali ya kawaida ya kahawa.

Gaggia aliiona hali hiyo kwa jicho la mfanyabiashara. Ikiwa wote wanauza kahawa iliyoungua, basi atakayeuza isiyoungua atapata wateja wa wote.

Jaribio la mwaka 1938

Wazo la kutumia pistoni badala ya mvuke halikuwa lake peke yake. Fundi mmoja wa Milan alikuwa amekwisha kulifanyia kazi kabla ya kufariki dunia, na inaelezwa kuwa mjane wake ndiye aliyemuuzia Gaggia haki za kazi hiyo. Gaggia aliijaribu kaunta kwake, akairekebisha, na mwezi Septemba mwaka 1938 aliomba hataza ya mashine ya kahawa isiyotumia mvuke.

Kifaa hicho cha kwanza kilitumia pistoni iliyokazwa kwa mkono kama skrubu. Mhudumu alizungusha mpini, pistoni ikashuka na kuyasukuma maji ya moto kupita kwenye kahawa. Ladha ilikuwa bora, lakini kazi ilikuwa nzito. Mhudumu mwenye foleni ya wateja ishirini asubuhi alichoka mapema.

Kisha mambo yakaharibika. Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwaka 1940. Kahawa ikawa adimu, na watu wakanywa shayiri iliyokaangwa na mizizi iliyosagwa badala yake. Mji wa Milan ulipigwa mabomu. Hapakuwa na kahawa ya kukamua, na mashine ya kuikamua haikuwa na soko.

Wengi wangeliacha wazo hilo hapo. Gaggia hakuliacha.

Springi na mkono wa chuma

Baada ya vita, mwaka 1947, alisajili hataza mpya. Safari hii skrubu ilikuwa imeondolewa na mahali pake kuwekwa mkono mrefu wa chuma na springi yenye nguvu.

Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Mhudumu anauvuta mkono kwenda chini. Pistoni inapanda, springi inabanwa, na maji ya moto yanaingia kwenye silinda juu ya kahawa. Mhudumu anapouachia mkono, springi inajinyoosha na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Maji yanapita kwenye kahawa iliyoshindiliwa, na katika muda wa nusu dakika hivi kikombe kinakuwa tayari.

Springi hiyo ilitoa presha ya bar nane hadi tisa au zaidi, karibu sawa na ya tairi la lori la mizigo. Jambo kubwa ni kwamba presha haikutegemea tena joto. Maji yaliweza kupita kwenye kahawa yakiwa na joto la takriban nyuzi 90, chini ya kiwango cha kuchemka. Kahawa ilikamuliwa barabara bila kuunguzwa.

Mwaka 1948 mashine ya kwanza ya aina hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Classica. Gaggia alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na miaka kumi ilikuwa imepita tangu hataza ya kwanza.

Povu lililotiliwa shaka

Mashine hiyo ilileta kitu ambacho hakikutarajiwa. Juu ya kahawa palitokea tabaka la povu zito la rangi ya hudhurungi. Lilitokana na mafuta na hewa iliyokuwa imenaswa ndani ya buni wakati wa kukaanga, vitu ambavyo mvuke haukuweza kuvitoa.

Wateja walilitilia shaka. Kwao povu lilikuwa uchafu, au dalili kwamba muuzaji amechanganya kitu. Mfanyabiashara mwoga angelikwangua kwa kijiko kabla ya kumpa mteja.

Gaggia alifanya kinyume. Alilitangaza povu hilo kuwa ni krimu ya kahawa yenyewe, inayotoka kwenye buni bila kuongezwa chochote. Maelezo hayo yaliwekwa kwenye mashine na kwenye matangazo. Muda si mrefu wateja waligeuka. Kahawa isiyo na povu ndiyo ikaonekana ya kutilia shaka. Hadi leo povu hilo ni alama ambayo mnywaji wa espreso huitazama kwanza.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hapa pana somo. Bidhaa mpya huja na sura isiyozoeleka, na asiyewaeleza wateja sababu ya sura hiyo hupoteza faida ya ubunifu wake.

Njia kuachana

Gaggia hakuwa na kiwanda. Mashine zake za awali zilitengenezwa na Ernesto Valente, mwenye kampuni ya Faema mjini Milan. Mmoja alikuwa na hataza na ujuzi wa kaunta, mwingine alikuwa na karakana na mafundi. Kwa muda ushirika huo uliwanufaisha wote.

Baadaye walitofautiana. Gaggia aliiona mashine yake kuwa bidhaa ya hali ya juu, ya migahawa michache iliyoweza kuimudu. Valente alitaka mashine ya bei nafuu itakayoingia kila mgahawa. Wakaachana mwanzoni mwa miaka ya 1950, kila mmoja akatengeneza za kwake, na Faema ikawa mshindani mkubwa.

Mashine za Gaggia zilivuka mipaka. Mwaka 1953 mgahawa wa Moka Bar ulifunguliwa katika mtaa wa Frith mjini London ukiwa na mashine ya Gaggia, na vijana wa Uingereza wakafurika kwenye migahawa ya aina hiyo.

Hispania: urithi ulioyeyushwa

Nchi ambayo historia yake katika jambo hili husahaulika mara nyingi ni Hispania. Miaka ya 1950 nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Jenerali Franco. Uingizaji wa bidhaa kutoka nje ulibanwa sana, na ulianza kulegezwa kwa mpango wa uchumi wa mwaka 1959. Mwenye mgahawa wa Madrid au Seville hakuweza kuagiza mashine kutoka Milan kwa urahisi.

Jibu lilikuwa kutengeneza mashine hapo hapo. Gaggia na Faema zote zilipata viwanda mjini Barcelona, na mafundi wa mji huo walijifunza kumimina shaba, kukata silinda na kupinda springi. Majina yaliyobandikwa mbele ya mashine yalikuwa ya Kiitaliano, lakini mikono iliyozitengeneza ilikuwa ya Wahispania.

Kahawa iliyoingia kwenye mashine hizo ilikuwa na uhusiano na Afrika pia. Hispania ilipata sehemu ya kahawa yake kutoka koloni lake, ambalo tangu mwaka 1968 ni nchi huru ya Guinea ya Ikweta. Aidha, wakaangaji wengi walikuwa na desturi ya kukaanga kahawa pamoja na sukari hadi ikawa nyeusi na kung'aa. Desturi hiyo ilistawi nyakati za uhaba, kwa kuwa ilitoa kikombe cheusi kwa kahawa kidogo.

Kisha zikaja mashine zinazotumia pampu ya umeme, na zile za mkono zikaonekana za kizamani. Nyingi ziling'olewa kaunta na kuuzwa kama vyuma chakavu. Shaba yake iliyeyushwa. Mashine iliyolisha familia ya mwenye mgahawa kwa miaka 20 iliuzwa kwa kilo.

Leo wapo mafundi na wakusanyaji, Hispania na kwingineko, wanaozitafuta zilizobaki na kuzifufua. Wanachokipenda ni urahisi wake. Ndani hakuna vifaa vya kielektroniki. Kuna boila, silinda, pistoni, springi na mipira ya kuzuia maji kuvuja. Nyingi ziliweza kupashwa moto kwa gesi, hivyo umeme ukikatika kazi iliendelea.

Afrika Mashariki na mashine za zamani

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika urithi huu. Mjini Asmara, Eritrea, ambako Waitaliano walitawala hadi mwaka 1941, kuna migahawa ambayo imetumia mashine za zamani za Kiitaliano kwa miongo mingi. Vipuri vilipokosekana, mafundi wa mji huo walitengeneza vya kwao. Mwaka 2017 Asmara iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa ajili ya majengo yake, ikiwa ni pamoja na yale yenye migahawa na sinema.

Mjini Addis Ababa, mgahawa wa Tomoca ulioanzishwa mwaka 1953 bado unauza kahawa kwa wateja wanaosimama, kwa mtindo wa Kiitaliano. Ethiopia ni mzalishaji mkubwa wa kahawa ambaye pia ni mnywaji mkubwa. Karibu nusu ya mazao yake hunywewa ndani ya nchi.

Tanzania hali ni tofauti. Sehemu kubwa sana ya kahawa yake huuzwa nje. Mji kama Kahama unawajua wauza kahawa chungu wenye birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo na kashata, lakini faida kubwa ya kukaanga na kukamua hupatikana mbali.

Mwaka wa mwisho

Achille Gaggia alifariki dunia mwaka 1961. Mwaka huo huo Faema, kampuni ya mshirika wake wa zamani, ilitoa mashine iliyoitwa E61, iliyotumia pampu ya umeme badala ya mkono na springi. Mhudumu hakuhitaji tena misuli. Mashine nyingi za leo zinafuata njia iliyofunguliwa na E61.

Lakini presha iliyolengwa na pampu hiyo ilikuwa ya bar tisa hivi, ile ile iliyotokana na springi ya Gaggia. Povu lilikuwa lile lile. Chombo kilibadilika, kipimo kikabaki. Kampuni yake iliendelezwa na mwanawe Camillo, na baada ya miaka mingi ikanunuliwa na makampuni makubwa zaidi, huku jina la Gaggia likibaki kwenye mashine.

Mkulima na fundi wanapata nini

Kwa mkulima wa kahawa wa Kagera na wilaya jirani, maisha ya mtu huyu yanahusu bei. Kagera huzalisha zaidi kahawa ya robusta, na robusta ndiyo inayotoa povu jingi na zito. Wakaangaji wengi wa Italia huichanganya na arabika kwa sababu hiyo. Kwa maneno mengine, kile ambacho wateja wa Milan walikitilia shaka mwaka 1948 ndicho kinachoipa robusta nafasi katika kikombe cha espreso.

Hata hivyo mashine ya presha haifichi kasoro. Hukamua kila kilichomo ndani ya buni, kizuri na kibaya, na kukiweka katika kikombe cha mililita zipatazo 30. Buni iliyochumwa mbichi hutoa ukali. Iliyoanikwa juu ya udongo hutoa harufu ya udongo. Iliyovunda hutoa uvundo. Mkaangaji anayejua kuwa wateja wake watavigundua hivyo hulipa bei ya chini, au huenda kununua kwingine.

Ndiyo maana butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa mlanguzi kutokana na shida ya fedha, ina hasara mbili. Hasara ya kwanza inafahamika: mkulima hupewa fedha kidogo. Hasara ya pili haionekani haraka: aliyenunua mapema hupenda kuchuma mapema, mbivu na mbichi pamoja, na sifa ya kahawa ya eneo zima hushuka. Kuchuma zilizoiva tu na kuanika juu ya vichanja ni kazi, lakini ndiyo sehemu ya thamani iliyo mikononi mwa mkulima mwenyewe.

Kwa mafundi wa Kahama na Geita, wanaounda na kurekebisha mashine za kukoboa mpunga na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, somo ni la karatasi. Fundi akigundua njia ya kupunguza chenga za mchele, jirani huinakili ndani ya wiki moja. Gaggia alisajili mwaka 1938 na akasajili tena mwaka 1947, kabla ya kuanza kuuza. Tanzania Bara usajili wa hataza hufanywa na BRELA, na SIDO huwapa wajasiriamali wadogo ushauri wa kiufundi. Si kila rekebisho linastahili hataza, kwa kuwa ni lazima liwe jipya kweli. Lakini likishatangazwa hadharani kabla ya kusajiliwa, nafasi hiyo huweza kupotea kabisa.

Na kwa mwenye mashine kuukuu iliyolala nyuma ya ghala, iwe kinu cha zamani au mzani wa chama cha ushirika, yaliyotokea Hispania yanatosha kumfanya asite kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwanza amwite fundi aifungue na kutazama ilivyoundwa. Huenda ndani yake kuna springi moja ambayo bado inaweza kutatua tatizo la leo.